Uzi: Sehemu kubwa ya utafiti wa mawasiliano ya setilaiti hufanyika ardhini, si angani

Mwanzisha uzi

Wakuu, nawasalimu.

Mijadala mingi kuhusu mawasiliano ya anga za juu huanza na roketi na kuishia kwenye roketi: nani amerusha setilaiti ngapi mwaka huu, nani atamfuata, na chombo kipi ni kikubwa kuliko kingine. Naleta uzi huu kutetea hoja tofauti. Ukifuatilia historia ya utafiti wenyewe, utaona kwamba sehemu kubwa ya mafanikio imepatikana ardhini: kwenye vipokezi, kwenye hesabu za kusahihisha makosa ya data, na kwenye upimaji wa angahewa ambamo mawimbi hupita. Setilaiti ikisharushwa, kwa kawaida hakuna mkono unaoifikia tena. Kila kinachoboreshwa baada ya hapo huboreshwa upande wetu, au kwa programu inayotumwa kutoka upande wetu. Ndiyo maana naamini huu ni uwanja ambao mwanafunzi wa hisabati, wa elektroniki au wa programu anaweza kuuingia bila kusubiri chuo chake kimiliki roketi.

Nianze na ukubwa wa tatizo, kwa sababu bila kuuona huwezi kuthamini ufumbuzi wake. Setilaiti inayoonekana kutulia mahali pamoja juu ya Ikweta iko kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Setilaiti ya obiti ya chini inaweza kuwa kilomita 550 tu. Uwiano wa umbali huo ni kama mara 65, lakini nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ishara ile ile inayotoka juu kule hutufikia ikiwa dhaifu zaidi ya mara 4,200 kuliko inayotoka obiti ya chini. Na hapo bado tuko jirani na Dunia. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, sasa kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka kwetu. Transmita yake hutoa takriban wati 23, na mawimbi yake husafiri zaidi ya saa 22 kabla ya kufika. Ukifanya hesabu ya nguvu inayokusanywa na antena yenye kipenyo cha mita 70 hapa ardhini, unapata chini ya sehemu moja ya bilioni ya sehemu moja ya bilioni ya wati. Hata hivyo data bado inapokelewa, ingawa kwa mwendo mdogo wa biti 160 kwa sekunde.

Inapokelewaje? Jibu halimo kwenye Voyager yenyewe, kwa kuwa transmita yake haijaongezewa chochote tangu ilipoondoka. Jibu limo kwenye mapambano dhidi ya kelele. Kila kitu chenye jotoridi hutoa mawimbi ya redio: ardhi, mawingu, nyaya za antena, hata kikuza mawimbi chenyewe. Ishara dhaifu si tatizo ikiwa kelele ni dhaifu zaidi, na ndiyo sababu vikuza mawimbi vya vituo vikubwa hupoozwa hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya chini kabisa inayowezekana. Watafiti wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, huko Holmdel, New Jersey, walijenga antena yenye umbo la pembe kwa ajili ya puto la Echo 1 lililorushwa mwaka 1960, ambalo kazi yake ilikuwa kuakisi mawimbi tu. Antena hiyo ilikuwa tulivu kiasi kwamba Arno Penzias na Robert Wilson, walipoitumia mwaka 1964 kupima anga, walikuta kelele ndogo ya kama nyuzi 3 za Kelvini ambayo haikuwa na chanzo chochote walichokifahamu. Waliwaondoa hata njiwa waliokuwa wameweka kiota ndani yake, na kelele ikabaki. Ilikuwa mnururisho uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobel. Naitaja habari hii kwa makusudi: mmojawapo wa ugunduzi mkubwa wa karne iliyopita ulitokana na wahandisi wa mawasiliano kukataa kupuuza kelele ambayo hawakuweza kuieleza.

Nitaendelea na suala la misimbo, yaani namna ya kuongeza biti za ulinzi kwenye data ili makosa yasahihishwe, lakini nawakaribisha kwanza wenye maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nimekuelewa, ila nina shaka. Antena ya mita 70 na vikuza mawimbi vilivyopoozwa kwa heliamu si vitu vya mwanafunzi. Umehamisha gharama kutoka kwenye roketi ukaipeleka kwenye kituo cha ardhini, na wenye vituo hivyo ni wale wale wenye roketi. Tuonyeshe mahali ambapo fikra pekee, bila chuma kipya, imeleta tofauti inayopimika.

Mwanzisha uzi

Mkuu, umeuliza swali lenyewe hasa, na mfano bora ninaoufahamu ni chombo cha Galileo.

Galileo kilirushwa Oktoba 1989 kwenda Mshtarii. Antena yake kuu, yenye kipenyo cha mita 4.8, ilikuwa imekunjwa kama mwavuli ili iingie kwenye chombo cha kurushia. Aprili 1991 ilipoamriwa kufunguka, baadhi ya mbavu zake zilikwama, na majaribio yote ya kuifungua hayakufua dafu. Mpango ulikuwa kutuma data kwa biti 134,000 kwa sekunde kutoka Mshtarii. Kilichobaki ni antena ndogo ya akiba, ambayo kwa mfumo uliokuwepo ingetoa kama biti 10 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, picha moja ingechukua siku kadhaa.

Hakuna aliyeweza kwenda kuifungua antena ile. Kilichofanyika ni utafiti wa hesabu na programu. Wahandisi waliandika upya programu za kompyuta za chombo chenyewe, kompyuta ambazo uwezo wake ulikuwa mdogo sana hata kwa viwango vya wakati huo, ili zibane picha kabla ya kuzituma. Walibuni msimbo mpya wa kusahihisha makosa uliopangwa kwa tabaka. Ardhini waliunganisha ishara za antena kadhaa, ikiwamo ya Parkes nchini Australia, zikawa kama antena moja kubwa. Programu mpya zilipakiwa mwaka 1996, chombo kikiwa tayari kinaizunguka sayari. Mwendo wa kutuma ukapanda hadi biti 160 kwa sekunde katika hali nzuri, na kwa sababu data ilikuwa imebanwa, thamani yake halisi ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi ya tarakimu hiyo. Takriban asilimia 70 ya malengo ya kisayansi yalitimizwa. Antena za ardhini zilikuwepo tangu zamani, chombo kilikuwa kile kile chenye kasoro, na kilichoongezwa sehemu kubwa ni fikra.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa mwaka 1948 na Claude Shannon, aliyethibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha mwendo wa data, na kwamba chini ya kikomo hicho makosa yanaweza kupunguzwa kadiri utakavyo mradi utumie msimbo unaofaa. Uthibitisho wake haukueleza msimbo huo ni upi. Takriban nusu karne iliyofuata ilitumika kuutafuta, na hapa ndipo anga za juu zilipogeuka kuwa maabara ya hisabati, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo desibeli moja (kipimo cha uwiano wa nguvu za ishara) ya faida ina thamani kubwa kiasi hicho.

Voyager zenyewe ni ushahidi. Zilipopita Mshtarii na Zohali zilitumia msimbo wa Golay kwa data za picha, ambao huhitaji biti moja ya ulinzi kwa kila biti moja ya data. Lakini ndani yake kulikuwa pia na kifaa cha msimbo wa Reed–Solomon, ambao hesabu yake ilichapishwa mwaka 1960 na ambao, katika kila kundi la baiti 255, hutumia baiti 32 tu kwa ulinzi. Wakati chombo kinaondoka, kuusimbua msimbo huo ardhini kulikuwa bado ni kazi ngumu. Voyager 2 ilipofika Uranusi mwaka 1986, uwezo wa kuusimbua ulikuwa umepatikana, na sehemu kubwa ya biti zilizokuwa zikitumika kwa ulinzi ikarudi kubeba picha. Waliouweka msimbo huo waliamini kwamba wenzao wa ardhini wangefika huko kabla ya chombo kufika kwenye sayari, na wakafika.

Kisha mwaka 1993 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa, Claude Berrou na Alain Glavieux pamoja na Punya Thitimajshima, walitangaza misimbo ya turbo iliyokaribia kikomo cha Shannon kwa takriban nusu desibeli. Wataalamu wengi hawakuamini mpaka walipoijaribu wenyewe. Baada ya hapo ikakumbukwa kazi ya Robert Gallager wa MIT, aliyekuwa amebuni familia nyingine ya misimbo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikawekwa kando kwa miongo mitatu kwa sababu kompyuta za wakati wake hazikuiweza. Misimbo ya Gallager ndiyo leo inayobeba matangazo ya televisheni ya setilaiti katika kiwango cha DVB-S2, na ndiyo inayobeba data kwenye simu za kizazi cha tano. Kazi hiyo ilihitaji karatasi, kalamu na subira ya miaka.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono hoja, na naomba niongeze tukio ambalo kila anayefanya kazi na vipokezi anapaswa kulijua, kwa kuwa linaonyesha upande wa pili: jinsi hesabu ndogo iliyosahaulika ardhini inavyoweza kuharibu safari ya miaka saba.

Chombo cha Huygens cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya kilibebwa na Cassini, chombo cha NASA, kwenda kutua kwenye Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Huygens ilipaswa kutuma data kwa Cassini wakati ikishuka, na Cassini ingezihifadhi kisha kuzituma Duniani. Vyote viwili viliondoka mwaka 1997. Mwaka 2000, mhandisi Boris Smeds wa shirika hilo alisisitiza ufanyike mtihani wa kweli: kutoka kituo cha Goldstone, California, itumwe kwa Cassini ishara inayoigiza ile ya Huygens, ikiwa na mabadiliko ya masafa yanayosababishwa na mwendo wa vyombo viwili vinavyokaribiana, yaani athari ya Doppler. Wengine waliona mtihani huo hauna ulazima. Ulipofanyika, data zilizorudi zilikuwa zimevurugika.

Kosa lilikuwa hili. Cassini ingeikaribia Huygens kwa takriban kilomita 5.5 kwa sekunde. Wabunifu wa kipokezi walizingatia kwamba masafa ya wimbi linalobeba ishara yangehama, wakaacha nafasi ya kutosha. Lakini athari ya Doppler haihamishi wimbi peke yake, bali huhamisha pia mapigo ya biti zenyewe: biti zinazotumwa 8,192 kwa sekunde hufika haraka kidogo zaidi. Tofauti hiyo ni chini ya moja ya tano ya biti kwa sekunde, ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuipuuza kwa urahisi, ila saketi ya kulandanisha biti ilikuwa imebanwa mno kuweza kuifuata. Na programu ya saketi hiyo haikuweza kubadilishwa kutoka Duniani.

Ufumbuzi ulikuwa kubadilisha njia ya Cassini. Badala ya kupita kilomita 1,200 kutoka Titan ikielekea moja kwa moja kwenye Huygens, ilipangwa ipite umbali wa kilomita 60,000 hivi, ili mwendo wa kukaribiana uwe mdogo katika saa zile za kutuma data. Huygens ikatua tarehe 14 Januari 2005. Hata siku hiyo chaneli moja kati ya mbili ilipotea kwa sababu amri ya kuwasha kipokezi chake ilikosekana, na kwayo ikapotea data ya jaribio la kupima upepo. Hapo ndipo ardhi ikaokoa tena: darubini za redio, zikiwamo za Green Bank na Parkes, zilikuwa zikisikiliza moja kwa moja ishara hafifu ya Huygens kutoka umbali wa zaidi ya kilomita bilioni moja, na kutokana na mabadiliko ya masafa yake wakapata mwendo wa upepo wa Titan.

Kwa maoni yangu mtihani wa Smeds ni utafiti wa hali ya juu, ingawa haukuzaa nadharia yoyote mpya.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu. Na Doppler hiyo hiyo ndiyo mojawapo ya changamoto kuu za setilaiti za obiti ya chini leo. Setilaiti iliyo kilomita 550 juu husafiri kama kilomita 7.6 kila sekunde, kwa hiyo kwenye masafa ya gigahezi 12 wimbi lake huhama kwa zaidi ya kilohezi 250 setilaiti inapochomoza, kisha hushuka hadi kuhama kwa kiasi hicho hicho upande wa pili inapozama, yote ndani ya dakika chache. Anayelalamika kuhusu tatizo hilo akumbuke kwamba mwaka 1957 vijana wawili wa maabara ya Johns Hopkins, William Guier na George Weiffenbach, walisikiliza Sputnik kwa redio, wakaona masafa yakihama, na kutokana na hilo pekee wakakokotoa obiti yake. Kazi yao ikazaa mfumo wa Transit wa kuongozea meli. Mwaka 2022 Todd Humphreys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walifanya jambo linalofanana kwa kiasi fulani: walichambua ishara za Starlink kwa kuzisikiliza, wakachapisha muundo wake, na hivyo kufungua njia ya kuzitumia kujua mahali mtu alipo, kazi ambayo setilaiti hizo hazikurushwa kuifanya.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, kwa nini tuendelee kuhangaika na redio wakati leza imeshafanikiwa? Nimesoma kuhusu chombo cha Psyche kilichotuma video kutoka mbali sana. Je, hiyo haimalizi mjadala?

Mwanzisha uzi

Haimalizi, ila imeusogeza mbali, na inastahili kuelezwa kwa utulivu.

Faida ya leza ni ufinyu wa mwale. Mwale wowote husambaa kwa kadiri ya urefu wa wimbi ukigawanywa kwa kipenyo cha antena. Kwa antena ya mita 3.7 kama ya Voyager na wimbi la redio la sentimita 3.6, mwale uliosafiri kilomita milioni 31 huwa na upana wa takriban kilomita 300,000, yaani zaidi ya mara 20 ya kipenyo cha Dunia, na karibu nguvu yote hupotea pembeni. Kifaa cha leza kilicho kwenye Psyche, iliyorushwa Oktoba 2023, kina darubini ya sentimita 22 na hutumia mwanga wa nanomita 1,550. Kwa umbali ule ule, mwale wake husambaa kilomita mia mbili na ushee tu. Desemba 2023 kifaa hicho, chenye leza ya wati 4, kilituma video ya sekunde 15 ya paka kutoka kilomita milioni 31 kwa megabiti 267 kwa sekunde. Aprili 2024, kikiwa umbali wa kilomita milioni 226, kiliweza megabiti 25.

Sasa tazama kilichohitajika ardhini. Mwanga ulipokelewa na darubini ya Hale ya mlima Palomar, yenye kioo cha mita 5, na mwisho wa njia yake kulikuwa na nyaya nyembamba mno za kipitishiumeme kikuu (kinachopitisha umeme bila ukinzani), zilizopoozwa hadi karibu nyuzi 1 ya Kelvini, zenye uwezo wa kutambua fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja na kuandika wakati wa kufika kwa kila moja. Data haibebwi na ukubwa wa mwanga, bali na wakati ambao mpigo unafika: muda hugawanywa katika vijisehemu, na kijisehemu ambamo fotoni inaonekana ndicho kinachoonyesha biti kadhaa kwa mpigo. Kwa ustadi huo, fotoni chache zinatosha. Vilevile, Psyche haikuweza kulenga Dunia mahali inapoonekana, kwa sababu mwanga unapofika, Dunia imeshasogea; ililazimika kulenga mahali itakapokuwa, ikisaidiwa na mwale wa mwongozo uliotumwa kutoka Table Mountain, California.

Kikwazo kikubwa cha leza ni wingu. Redio ya masafa ya chini hupita kwenye wingu bila shida, leza haipiti. Kwa hiyo utafiti umehamia kwenye kuchagua maeneo kadhaa ya vituo ambayo mawingu yake hayaji kwa wakati mmoja, na kwenye vioo vinavyojirekebisha haraka kufuta mtikisiko wa hewa. Hapo takwimu za hali ya hewa za miaka mingi zina thamani sawa na leza yenyewe. Kati ya setilaiti na setilaiti, ambako hakuna wingu, leza imeshakuwa jambo la kawaida.

Na liko suala la kuchelewa, ambalo leza haiwezi kulipunguza hata kidogo. Ujumbe wa Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda upande mmoja, na kuna nyakati ambapo sayari yenyewe au Jua hukata njia. Taratibu za intaneti yetu, zinazosubiri jibu la kila kipande cha data, hazifai kule. Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, na wenzake walibuni utaratibu ambao kila kituo hupokea mzigo wa data, huuhifadhi, na hungoja mpaka njia ya mbele ifunguke. Ulijaribiwa mwaka 2008 kwa chombo kilichokuwa zaidi ya kilomita milioni 30 kutoka Duniani, na mwaka 2024 setilaiti ya PACE ya kuchunguza bahari ilianza kuutumia katika kazi zake za kila siku. Napenda jinsi utaratibu huo ulivyokubali kwamba kukatika kwa njia ni hali ya kawaida, ukajengwa juu ya hilo badala ya kulichukulia kuwa hitilafu.

Mchangiaji wa nne

Umegusa angahewa, nami ndiko ninakofanyia kazi, kwa hiyo naomba nieleze mambo mawili ambayo tropiki inayabeba kuliko maeneo mengine.

La kwanza ni mvua. Kwenye masafa ya gigahezi 12 urefu wa wimbi ni milimita 25, na kwenye gigahezi 30 ni milimita 10. Matone makubwa ya mvua huwa na milimita kadhaa, hivyo kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo tone linavyokaribia ukubwa wa wimbi na kulifyonza au kulitawanya. Miundo ya awali ya kukadiria upotevu huo ilitegemea zaidi vipimo vya maeneo ya mvua za wastani, ilhali mvua za tropiki hunyesha kwa nguvu katika eneo dogo kisha huhama. Ukitumia wastani wa saa nzima unapoteza dakika zile zile zinazokata mawasiliano. Kipimo cha dakika moja moja ndicho kinachohitajika. Ndiyo maana setilaiti kadhaa zimebeba transmita ndogo zisizo na kazi ila kutoa wimbi thabiti la kupimia: Italsat mwaka 1991, ACTS ya Marekani mwaka 1993, na kifaa cha Aldo Paraboni kwenye Alphasat mwaka 2013, kinachotoa mawimbi ya gigahezi 19.7 na 39.4. Wanaopokea na kurekodi ni vyuo vikuu vingi, kila kimoja na antena yake ndogo.

La pili ni ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme. Karibu na Ikweta ya sumaku, muda mfupi baada ya Jua kuzama, sehemu ya chini ya tabaka hilo hupoteza chembe zake za umeme haraka kuliko sehemu ya juu, hali hiyo huwa si thabiti, na mapovu makubwa yenye chembe chache hupanda juu. Mawimbi yanayopita humo hupindwa huku na huku na kufika yakiwa yanatetereka kwa nguvu, hasa yale ya chini ya gigahezi 3, ambamo zimo ishara za mifumo ya kujua mahali na huduma nyingi za simu za setilaiti. Marekani ilirusha setilaiti ya C/NOFS mwaka 2008 mahsusi kwa ajili ya kutabiri mtetereko huo, na bado kuutabiri usiku kwa usiku ni kazi ngumu. Anayeishi chini ya eneo hilo ana maabara juu ya kichwa chake ambayo mtafiti wa latitudo za kati hana.

Mchangiaji wa tano

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa elektroniki. Nimefuatilia uzi mzima na sasa nataka kuanza, lakini sitaki kurudia tu kile ambacho wengi wanakifanya cha kupokea picha za hali ya hewa. Mngenishauri nipime nini?

Mwanzisha uzi

Usizidharau picha hizo, kwa sababu kupokea setilaiti za Meteor-M za Urusi kwenye megahezi 137 kutakufundisha Doppler, mwelekeo wa mtikisiko wa wimbi na usimbuaji kwa wakati mmoja. Vipokezi vidogo vya televisheni ya kidijitali, ambavyo mwaka 2012 watu walianza kuvitumia kama redio za kompyuta, vinatosha kwa kazi hiyo, na programu ya GNU Radio itakuruhusu kujenga kila hatua ya kipokezi wewe mwenyewe, kuanzia kichujio hadi kulandanisha biti. Jenga saketi ile iliyoishinda Huygens kwa mikono yako. Utaielewa kuliko kuisoma.

Kwa kipimo chenye thamani ya kisayansi, ningekuelekeza kwenye alichoeleza ndugu mchangiaji wa nne. Setilaiti ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018 na iliyotulia longitudo 26 Mashariki, imebeba kituo cha wapenzi wa redio kiitwacho QO-100, cha kwanza cha aina hiyo katika obiti ile ya juu, na inaonekana Afrika nzima, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia. Inatoa wimbi la kudumu karibu na gigahezi 10.49, masafa ambayo dishi la kawaida la televisheni na kichwa chake vinayapokea. Kusikiliza ndicho unachohitaji. Kutuma kunataka leseni, nawe huna haja nayo hapa. Rekodi nguvu ya wimbi hilo kila sekunde, weka kipima mvua chenye kurekodi kila dakika pembeni ya dishi, na baada ya msimu mmoja utakuwa na jedwali la upotevu dhidi ya ukali wa mvua kwa mahali ulipo, ambalo unaweza kulilinganisha na makadirio ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu.

Kuna mitego miwili. Kichwa cha dishi hubadilisha kiwango chake na masafa yake kadiri kinavyopata joto, kwa hiyo rekodi pia jotoridi lake, la sivyo utaandika mchana wa jua kuwa ni mvua ndogo. Na dishi likilowa, maji yaliyo juu ya kifuniko cha kichwa hupoteza nguvu yenyewe hata mvua ikiwa imekwisha. Likague kwa kulimwagia maji siku kavu uone kiwango kinashuka kiasi gani, kisha ukitoe kwenye hesabu zako. Kuhusu usawazishaji, siku za karibu na mlingano wa Machi na wa Septemba, yaani usiku na mchana vinapolingana, Jua hupita nyuma ya setilaiti kwa dakika chache kila siku na kelele hupanda ghafla. Wenye huduma hulichukulia tukio hilo kama usumbufu, lakini wewe litumie: linakupa chanzo cha kelele kinachojulikana, na kutokana na urefu wa mpando huo na wakati wake halisi utapima ubora wa kipokezi chako na kujua kama dishi lako linalenga sawasawa.

Mchangiaji wa nne

Naongeza moja tu kwa mwanafunzi wetu: usifute data za siku zisizo na mvua. Ndizo zitakazokuonyesha kiwango cha kawaida na mabadiliko yake ya saa hadi saa, na bila hizo huwezi kusema kwa hakika desibeli moja iliyopungua imetokana na nini. Ukianza kurekodi, weka mafaili yako hapa pamoja na maelezo ya antena, urefu wa mahali na aina ya kipima mvua, nami nitayalinganisha na ya kwangu.